Ndege wa Majini kwenye Ziwa Lililoganda Nusu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila baridi inapoanza kuuma, maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa kwa mafungu, ya wanaoanza kwanza, na yale ya visa vya nadra mwishoni. Mengi yanahusu maziwa ya Ulaya, Asia ya Kaskazini na Amerika ya Kaskazini, yale yanayoganda kando na kubaki na maji mahali fulani. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya mwanzo

1. Si ndege wote wamekwisha kuhama? Nitoke nje kwenye baridi kutazama nini?

Hawajahama wote, na hakuna msimu mwingine wanaoonekana vizuri kama huu. Majira ya joto ndege wametawanyika ziwa zima, wamejificha kwenye matete, wengine wana vifaranga na hawataki kuonekana. Maji yakianza kuganda, eneo lao linapungua siku hadi siku, mpaka mamia ya ndege wanajikuta kwenye kipande cha maji unachoweza kukimaliza kwa jicho moja.

Halafu wapo wageni. Bata aliyezaliwa Siberia au kaskazini mwa Skandinavia analiona ziwa lenye barafu nusu kuwa ndiko kusini alikokuwa akielekea. Na madume wanapendeza: bata dume wengi hupoteza rangi zao kiangazi wanapobadilisha manyoya, wakafanana na majike. Kufikia katikati ya baridi wamekwisha vaa upya, na wengi wanatafuta wenza hapo hapo majini.

2. Kwa nini hawaendi kusini kabisa kwenye joto?

Kwa sababu safari inakula mafuta ya mwili, na anayebaki karibu na mazalio ndiye anayewahi kurudi na kuchagua mahali pazuri. Ndege wa majini aliyeshiba haogopi baridi. Anachoogopa ni kukosa chakula, na chakula kipo mradi maji yako wazi.

Hata ndani ya aina moja hawafanyi mamoja. Kwa bata kichwa-chekundu (*Aythya ferina*), madume hubaki kaskazini zaidi na majike huenda kusini zaidi, kwa hiyo usishangae kukuta kundi lenye madume karibu watupu. Wapo pia wanaokwenda mbali kwelikweli: baadhi ya bata mkia-mrefu (*Anas acuta*) na bata mdomo-koleo (*Spatula clypeata*) hufika hadi maziwa ya Afrika Mashariki.

3. Kwa nini miguu yao haigandi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linanifurahisha kila mara.

Ndani ya mguu wa bata, mshipa unaoshusha damu ya moto kutoka mwilini umepakana na mishipa inayopandisha damu ya baridi kutoka kwenye vidole. Damu inayoshuka inaigawia joto ile inayopanda. Hivyo damu hufika chini ikiwa imeshapoa, na ile inayorudi kifuani imeshapata moto. Mwili unabaki kwenye nyuzi 40 au 41 za Selsiasi, huku unyayo ukiwa juu kidogo tu ya sifuri. Unyayo wa baridi hauna joto kubwa la kupoteza kwa barafu. Isitoshe, misuli inayouendesha mguu imekaa juu, ndani ya manyoya, na kule chini kuna mifupa, kano na ngozi zaidi kuliko nyama.

Kilichobaki ni koti. Bata maji mmoja wa aktiki (bata maji ni yule mkubwa, mweupe, mwenye shingo ndefu) aliwahi kuhesabiwa manyoya akakutwa na zaidi ya 25,000. Chini ya manyoya ya nje yanayozuia maji kuna vinyoya laini vinavyoshika hewa, na karibu na mkia kuna tezi ya mafuta ambayo ndege huigusa kwa mdomo na kujipaka mwili mzima. Ukiwa na darubini nzuri, tafuta bata aliyelala wakati theluji inaanguka. Utaona chembe zimetulia mgongoni mwake bila kuyeyuka, kana kwamba ziko juu ya jiwe. Joto lake halitoki nje hata kidogo la kutosha kuziyeyusha, na sentimita chache chini yake moyo unadunda.

Ukimwona amesimama kwa mguu mmoja, au amelalia miguu yote miwili, anapunguza upotevu wa joto. Si mgonjwa.

4. Kwa nini ziwa haligandi lote kwa wakati mmoja?

Maji huwa mazito kuliko wakati wote yakiwa kwenye nyuzi 4 hivi. Yakipoa kupita hapo yanakuwa mepesi na kukaa juu, ndiyo maana ganda la barafu huanzia juu, na chini kunabaki na maji ya nyuzi 4 yenye samaki, kome na mimea. Ghuba zenye kina kifupi hutangulia kuganda, na vilindi hufuata baadaye kwa sababu vina joto jingi la kupoteza.

Mahali panapobaki wazi huwa na sababu yake: kijito kinaingia au kinatoka, chemchemi inabubujika chini, maji ya moto yanatoka kwenye mtambo wa umeme, au upepo unayachafua maji yasipate nafasi ya kushikana. Ndege nao wanachangia. Kundi kubwa linaloogelea usiku kucha linaweza kulinda tundu lao lisifunge, angalau kwa siku kadhaa.

## Wapi na lini

5. Nitajuaje maji wazi yako upande gani?

Anza na ramani: tafuta vijito vinakoingilia na maji ya ziwa yanakotokea. Ukifika, usikimbilie darubini. Simama utazame kwa macho matupu. Asubuhi ya baridi kali, maji wazi hutoa mvuke, na mvuke huo unauona ukiwa mbali kabla hujaona ndege hata mmoja. Shakwe wanaozunguka mahali pamoja ni dalili nyingine. Na sikiliza, maana kelele za bata husafiri mbali juu ya barafu.

Tundu ulilolipata mwaka huu lina uwezekano mkubwa wa kufunguka pale pale mwakani. Weka alama kwenye ramani yako.

6. Niende saa ngapi?

Inategemea unamtaka nani. Mabata bukini hulala majini na kuondoka na mwanga wa kwanza kwenda kula mashambani, kwa hiyo ukichelewa saa moja utakuta kinyesi chao juu ya barafu na basi. Baadhi ya bata wapiga mbizi hula mchana kutwa, maana siku ni fupi. Bata kichwa-kijani (*Anas platyrhynchos*) hupenda kula usiku, na mchana wengi wamelala ukingoni, jambo linaloleta shida ya swali la 14.

Jioni ina raha yake: mabata mdomo-msumeno (*Mergus merganser*) hurudi kulala pamoja, na shakwe hufuata kwa mamia. Ukiwa na nafasi moja tu kwa siku, mimi ningechagua saa mbili za mwisho kabla ya giza.

7. Ni wakati gani wa msimu ndege huwa wengi zaidi?

Siku ya pili hadi ya nne baada ya baridi kali kuingia. Maziwa madogo ya jirani yanakuwa yamefunga, na wakazi wake wote wamehamia kwenye kubwa lenye maji. Theluji ikianza kuyeyuka wanatawanyika tena, mara nyingine ndani ya saa chache. Kwa hiyo fuata utabiri wa hali ya hewa kuliko kalenda.

## Vifaa na mavazi

8. Darubini ya mkononi inatosha?

Inatosha kuanzia. Ya 8x42 au 10x42 inafaa, na ya 8 hutulia zaidi mikono inapotetemeka kwa baridi. Lakini ziwa ni pana na huwezi kuwasogelea ndege (sababu ziko kwenye maswali ya 18 na 20), kwa hiyo mapema au baadaye utatamani darubini kubwa ya kusimamisha kwenye stendi ya miguu mitatu. Zile za kukuza mara 20 hadi 60 ndizo zilizozoeleka. Usiivute mpaka 60 kila mara. Kwenye 25 au 30 utaona eneo pana na picha safi.

Stendi nyepesi mno ni hasara. Upepo wa ziwani utaitikisa mpaka uchoke.

9. Lenzi zangu zinajaa ukungu. Nifanye nini?

Pumzi yako ndiyo mkosaji wa kwanza. Ukiinamia darubini, pumulia pembeni au chini, na usifunike pua kwa skafu inayoelekeza hewa juu kwenye lenzi. Ukungu ulioganda usiukwangue. Acha ukauke wenyewe au upanguse polepole kwa kitambaa laini.

Mkosaji wa pili ni kuingia ndani ya nyumba yenye joto ukiwa na chombo cha baridi. Unyevu wa hewa hukigandia, na ukiingia ndani ya lenzi ni balaa. Funga darubini ndani ya begi ukiwa bado nje, kisha liache begi limefungwa saa moja au mbili. Betri za kamera nazo zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu baridi inazimaliza upesi.

10. Nimenunua darubini nzuri lakini ndege wanaonekana wakitetemeka kama wako nyuma ya moto.

Darubini haina kosa. Maji wazi yana joto kuliko hewa iliyo juu yake, na hewa inayopanda inapinda mwanga. Kadiri unavyokuza ndivyo unavyoukuza na mtetemo. Punguza ukuzaji, njoo asubuhi mapema au siku ya mawingu, panda mahali palipoinuka, au tafuta upande wa ziwa ulio karibu zaidi na ndege. Ukitazama kutoka kwenye gari, zima injini na kipasha joto, fungua dirisha, na usubiri hewa ya ndani ilingane na ya nje.

11. Nivae nini?

Zaidi ya unavyodhani, kwa sababu utasimama. Anayetembea hupata joto, anayetazama ndege hulipoteza. Tabaka kadhaa, la nje la kuzuia upepo, kofia ya kufunika masikio, glavu nyembamba ndani ya nene, na buti zenye nafasi ya kuchezesha vidole. Soksi mbili ndani ya buti linalobana ni baridi kuliko soksi moja. Kipande cha zulia au sponji cha kukanyagia kinasaidia ajabu. Na chupa ya chai usiiache.

## Kuwatambua na kuwahesabu

12. Mbona unatumia majina ambayo siyaoni kwenye kamusi?

Kwa sababu bata wengi wa kaskazini hawana jina la Kiswahili lililozoeleka. Bata bukini, bata maji, shakwe, mnandi, kibisi na kukuziwa ni majina yetu ya siku zote. Hayo ya "kichwa-kijani" na "jicho-dhahabu" nimeyatoa kwenye sura ya ndege mwenyewe, ili uweze kumtambua kwa kulisikia tu. Jina la Kilatini nimeliweka ili usipotee ukifungua kitabu chochote.

13. Kwa mbali wote ni vidoa vyeusi. Nianzie wapi?

Anza na jinsi anavyokula, rangi baadaye. Wapo wanaochovya: wanainamisha kichwa, mkia unabaki juu, na hawazami mwili mzima. Wapo wapiga mbizi, ambao hupotea kabisa chini ya maji na kuibukia kwingine.

Anayechovya hukaa juu juu ya maji kama boya, mkia umeinuka, na akishtuka huruka wima kutoka pale alipo. Mpiga mbizi amedidimia kidogo, mkia unagusa maji, na hawezi kuruka mpaka akimbie juu ya maji akipigapiga miguu. Ukijua fungu, umeshaondoa nusu ya majina kwenye orodha.

Baada ya hapo tazama umbo la kichwa. Bata kishungi (*Aythya fuligula*) dume ana kishungi kinachoning'inia kisogoni na ubavu mweupe unaong'aa kutoka ng'ambo ya ziwa. Bata jicho-dhahabu (*Bucephala clangula*) ana kichwa kama pembetatu, na dume ana doa la mviringo, jeupe, kati ya jicho na mdomo. Mdomo-msumeno ni mrefu, kidari kina weupe wa maziwa, na mdomo wake mwembamba mwekundu una meno madogo ya kumshikia samaki. Na ukibahatika, utamwona *Mergellus albellus* dume: mweupe mwenye mistari myembamba myeusi, kama barafu iliyopata nyufa. Anapoogelea kwenye ukingo wa barafu unaweza kumpita mara tatu bila kumwona.

Mtazame mpiga mbizi mmoja kwa dakika tano. Mimi humchagua bata kishungi aliye karibu. Kabla hajazama, manyoya yake hujibana mwilini na umbo linakuwa jembamba ghafla. Anaruka kidogo, anatumbukia, maji yanajifunga. Nusu dakika hivi baadaye anaibuka kama kizibo, na matone yanabiringika mgongoni bila kumlowesha. Mara nyingi amebeba kome milia (*Dreissena polymorpha*), kome mdogo wa mistari aliyesambaa kutoka eneo la Bahari Nyeusi na Kaspi. Kome hao walipogunduliwa kwenye Ziwa St. Clair mwaka 1988, na kusambaa katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, bata wapiga mbizi waliwageuza chakula. Ziwa Konstanz huko Ulaya lilishuhudia jambo hilo hilo miaka ya nyuma zaidi.

14. Nitamtambuaje aliyelala, kichwa kikiwa ndani ya manyoya?

Tumia kilichobaki. Bata kichwa-kijani dume ana manyoya meusi mawili matatu yaliyojikunja juu ya mkia, hayo hayafichiki. Kishungi ana mgongo mweusi na ubavu mweupe, kichwa-chekundu ana mwili wa kijivu kati ya weusi wa mbele na wa nyuma. Halafu subiri. Ndege wa majini hufumbua jicho mara kwa mara hata usingizini, na mmoja akijinyoosha, wenzake humfuata.

15. Yule mweusi mwenye paji jeupe ni bata wa aina gani?

Si bata. Ni kukuziwa (*Fulica atra* kwa Ulaya na Asia, *Fulica americana* kwa Amerika). Hana miguu ya utando kamili kama bata. Kila kidole kina vipande vya ngozi pembeni, na akitembea juu ya barafu unaona vidole hivyo vikubwa vya kijani-kijivu vikikanyaga kwa uangalifu kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

Usimpuuze kwa sababu yuko wengi. Kukuziwa huzama na kuleta majani juu ya maji, na bata wanaochovya, wasioweza kufika kule chini, humzunguka wakimnyang'anya. Baridi ikikaza, utaona karibu kila kukuziwa ana bata mmoja wa kumkalia ubavuni. Ukitaka kumpata bata kijivu wa *Mareca strepera*, tafuta kundi la kukuziwa kwanza.

16. Nawahesabuje, wakati wengine wako chini ya maji?

Kwa mkupuo mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, kwa makumi, bila kurudi nyuma. Kisha rudia kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa wapiga mbizi, chukua idadi kubwa uliyoipata, kwa sababu huwezi kuhesabu mtu asiyekuwepo lakini unaweza kumkosa aliyezama. Hesabu aina moja kwa kila mkupuo. Anayejaribu aina sita kwa pamoja hupoteza zote.

Hesabu zako zina faida. Wetlands International huratibu hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, iliyoanza 1967 na kufanyika katikati ya Januari. Huko Amerika, hesabu ya Krismasi ya Audubon imekuwepo tangu 1900, na hufanyika kati ya 14 Desemba na 5 Januari. Zote mbili hutegemea watu wa kujitolea.

17. Kundi zima limejikusanya ghafla na kupiga maji. Kuna nini?

Tazama juu. Mara nyingi ni tai: mkia-mweupe (*Haliaeetus albicilla*) upande wa Ulaya na Asia, kichwa-cheupe (*Haliaeetus leucocephalus*) Amerika ya Kaskazini. Kukuziwa hubanana kuwa mkeka mmoja mweusi, kwa sababu tai hupata shida kumchagua mmoja kwenye msongamano. Anamvizia atakayebaki nyuma. Kwa hiyo tazama juu ya barafu vilevile, maana tai hukaa pale kwa saa nzima bila kusogea, na kwa mbali anafanana na gogo.

## Usalama na adabu

18. Naweza kutembea juu ya barafu kidogo ili niwaone vizuri?

Hapana. Hili silirembi.

Kiwango cha chini kinachotajwa kwa kawaida ni sentimita 10 za barafu mpya, angavu, kwa mtu mmoja anayetembea. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ina karibu nusu ya nguvu hiyo. Sasa fikiri: ndege wako pale kwa sababu pana maji wazi, na pana maji wazi kwa sababu kitu fulani kinazuia barafu isishikane (swali la 4). Kadiri unavyowakaribia ndivyo barafu inavyopungua unene chini ya miguu yako, na theluji iliyolala juu inakuficha usione. Nyayo za mbweha zisikudanganye. Yeye ana kilo chache.

19. Na nikitumbukia, au nikamwona mwenzangu ametumbukia?

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba amefundisha kanuni rahisi ya 1-10-1. Una dakika 1 ya kuidhibiti pumzi, maana mshtuko wa baridi hukufanya uhemee bila hiari. Una dakika 10 hivi ambazo mikono na miguu bado inakutii. Na una karibu saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa kupoa mwili. Watu wengi hawajui hiyo saa moja, wakapaparika na kuzama dakika za mwanzo.

Geukia upande uliotokea, kwa sababu barafu ya huko ilikubeba. Weka mikono juu yake, piga miguu kama anayeogelea mpaka mwili ulale, jivute, kisha biringika kuelekea nchi kavu. Usisimame mapema.

Kwa mwenzako: piga simu ya dharura kwanza, mtupie kamba au msogezee tawi ukiwa umelala kifudifudi, na usimfuate.

20. Nikae umbali gani na ndege?

Umbali ambao hawakujali. Mita hazina maana kubwa, maana ndege wa bustani ya mjini humzoea mtu na wa ziwa linalowindwa humkimbia akiwa mbali. Tazama shingo. Zikinyooka zote kwa pamoja, umeshasogea mno. Wakianza kuogelea taratibu kuondoka, rudi nyuma kabla hawajaruka.

Linaonekana jambo dogo, lakini kuruka kunachoma nishati kuliko karibu kila kitu afanyacho ndege, na katika baridi kali hana akiba kubwa. Ukiwarusha kwenye tundu lao la pekee, huenda hawana pengine pa kushukia. Niliwahi kuwarusha kukuziwa zaidi ya mia kwa kujitokeza ghafla juu ya tuta. Walizunguka mara nne wakitafuta maji, wakatua juu ya barafu, wakabaki wamesimama kwenye upepo. Tangu siku hiyo hupanda tuta nikiwa nimeinama, na nikifika juu nasubiri.

Mbwa afungwe kamba. Hilo halina mjadala.

21. Niwapelekee mkate?

Usipeleke. Unajaza tumbo bila lishe ya maana, unaooza majini, na unawabananisha ndege mahali pamoja, jambo linalosambaza magonjwa. Mahali panaporuhusiwa kuwalisha, nafaka nzima kidogo kidogo ni afadhali. Kwenye ziwa la porini, waache.

## Visa vya nadra

22. Kuna bata maji amekaa juu ya barafu tangu asubuhi. Miguu imeganda?

Karibu kila mara amepumzika. Bata maji anaweza kukaa mahali pamoja kwa saa nyingi akipunguza matumizi ya nguvu, na miguu yake unaijua (swali la 3). Mtazame kwa saa moja kwa darubini. Akinyoosha bawa, akigeuka, akijichana manyoya, hana tatizo.

Ukimwona anapigapiga mabawa bila kuinuka, au kuna damu, piga simu kwa wanaookoa wanyamapori au zimamoto. Usimwendee mwenyewe, soma tena swali la 18.

23. Kibisi yuko peke yake kwenye tundu dogo kama meza. Kwa nini haruki?

Kwa sababu hawezi. Kibisi, na wale wapiga mbizi wakubwa wa jenasi *Gavia*, wana miguu iliyowekwa nyuma kabisa ya mwili. Inawafaa sana chini ya maji na haiwafai kabisa nchi kavu. Wanahitaji kukimbia juu ya maji kabla ya kupaa, na *Gavia* huhitaji makumi ya mita. Barafu ikifunga usiku, anabaki mfungwa, na tai analijua hilo. Huyu ana shida ya kweli: wapigie waokoaji mapema, waeleze ukubwa wa tundu na umbali kutoka ufukoni.

Wakati mwingine vibisi hushuka kwenye barabara yenye unyevu wakidhani ni maji. Ukimkuta hapo akiwa hai, si lazima awe ameumia. Waulize waokoaji kabla ya kumgusa.

24. Nimekuta ndege kadhaa waliokufa ukingoni.

Usiwaguse, wala mbwa asiwaguse. Baridi na njaa huua, lakini mafua ya ndege, pamoja na virusi vya H5N1, nayo huua ndege wa majini kwa wingi. Piga picha, andika mahali na idadi, toa taarifa kwa mamlaka ya mifugo au wanyamapori ya eneo hilo. Safisha buti zako kabla ya kwenda ziwa jingine.

25. Huyu hafanani na picha yoyote kitabuni.

Mawili yanawezekana kabla ya kutangaza ugunduzi. Kwanza, chotara: bata wa jenasi *Aythya* huzaana wao kwa wao, na mtoto wa kishungi na kichwa-chekundu huwachanganya hata wazoefu. Pili, mtoro kutoka kwenye kufugwa, kama *Aix galericulata* mwenye rangi za sherehe, ambaye sehemu nyingine ameshakuwa mwenyeji. Bata wa kienyeji waliochanganyika na kichwa-kijani nao hutoka na kila aina ya mabaka. Piga picha ya ubavu, mdomo na bawa lililofunguliwa, uwaonyeshe wenye uzoefu.

26. Ana pete mguuni au kola shingoni yenye herufi.

Umepata zawadi. Andika rangi ya pete, rangi ya maandishi, mpangilio wa herufi, na mguu upi. Juu ya barafu ndipo miguu inapoonekana, kwa hiyo baridi ni msimu wa kusoma pete. Peleka taarifa kwenye kituo cha uvalishaji pete cha nchi uliyopo. Kwa Ulaya vituo hivyo vimeunganishwa na EURING. Huwa wanakujibu ndege alivalishwa wapi na lini, na ukisoma jibu hilo ziwa lako linapata upana mwingine.

27. Nimefika leo, ziwa limefunga lote na hakuna hata mmoja. Wamekwenda wapi?

Wengi wamehamia mtoni, ambako mkondo hauruhusu barafu, au kwenye milango ya mito na pwani. Jaribu mto unaotoka ziwani, ukiufuata kwenda chini kidogo kidogo na kuchungulia kila kona.

Kisha rudi ziwani joto likipanda siku mbili mfululizo. Nenda pale kijito kinapoingia. Mara nyingi maji huanza kufunguka hapo, ufa mweusi usiozidi upana wa mashua, na wa kwanza kurudi nimewasikia kabla ya kuwaona: mabawa ya bata jicho-dhahabu hupiga mluzi angani, mwembamba na wa haraka. Kaa chini, usisogee. Watazunguka mara mbili kabla ya kutua, na dume akishatulia atatupa kichwa nyuma mpaka kisogo kiguse mgongo, akirusha maji kwa miguu, mbele ya jike ambaye bado anajichana.